Kifaa cha kuamsha kanyagio la mafuta: gari huwa jepesi kweli?

"Habari za kazi, mtaalamu. Nina gari dogo la petroli lenye gia otomatiki. Nililinunua likiwa limetumika, na sasa lina miaka tisa. Nikitaka kuondoka kwenye makutano nakanyaga mafuta, gari linasita kidogo kama linalofikiri, ndipo linaondoka. Nikitaka kulipita lori kwenye barabara kuu ni hivyo hivyo. Gari langu la kwanza lilikuwa la kebo, nalo lilitii palepale. Rafiki yangu amefunga throto kontrola, kile kifaa kinachochomekwa kwenye kanyagio la mafuta, na anaapa kwamba gari lake limekuwa jingine kabisa. Muuzaji anasema kinaongeza nguvu, kinapunguza ulaji wa mafuta na hakiigusi injini. Fundi wangu anasema kitaua injini. Nimsikilize nani? Nisisahau: kusita huku kulikuwapo tangu mwanzo, ila miezi hii michache naona kumezidi."

Nianze na rafiki yako, kwa sababu hakudanganyi. Akigusa mafuta kidogo gari lake linaruka, na hilo hata wewe ukiketi pembeni yake utalisikia mgongoni. Anapokosea ni kwenye sababu. Muuzaji naye amesema mambo matatu, na la kweli ni moja tu: kifaa hakiigusi injini. Ni kweli kabisa, na ndiyo maana hakiwezi kuiongezea nguvu. Fundi wako ametia chumvi, ingawa hofu yake ina punje ya ukweli nitakayoifikia. Na ile sentensi yako ya mwisho, uliyoitupia kama nyongeza, ndiyo iliyonishtua kuliko zote. Nitairudia.

Kwenye gari lako la kebo, mguu wako ulivuta waya wa chuma, na waya ukazungusha kisahani kilichomo kwenye mlango wa hewa wa injini. Sehemu hiyo ndiyo throtoli. Kisahani kikifunguka hewa huingia kwa wingi. Kikifunga, injini hubaki ikipumua kwa upenyo mdogo tu. Katika gari lako la sasa waya huo haupo. Juu ya kanyagio kuna sensa zinazopeleka volti kwenye kompyuta ya injini, kompyuta huamua, kisha mota ndogo ya umeme hukizungusha kisahani. Mfumo huu si wa juzi: BMW iliuweka kwenye 750i yake ya silinda 12 mwaka 1987, na Chevrolet Corvette ikaupata kwa toleo la 1997. Leo karibu kila gari jipya la petroli linao. Hata dizeli, ambayo nguvu yake huamuliwa na kiasi cha mafuta yanayopulizwa kuliko hewa, ina kanyagio la umeme.

Jambo ambalo watu wengi hawajaambiwa ni hili: kanyagio la aina hii haliamuru kisahani kifunguke nusu kwa sababu wewe umekanyaga nusu. Ni ombi. Unaiambia kompyuta, "nataka nguvu kiasi hiki," nayo hutazama injini inazunguka mara ngapi, ipo kwenye joto gani, gia ni ipi, matairi yanateleza au la, ndipo ifungue throtoli kwa kiasi inachoona kinafaa. Uhusiano kati ya kina cha mguu wako na nguvu unayopewa umeandikwa na wahandisi waliolitengeneza gari, na wao ndio wanaoamua kama sehemu ya mwanzo ya kanyagio iwe nyepesi au nzito.

Kifaa cha rafiki yako hukaa katikati ya sensa na kompyuta. Hupokea volti kutoka kwenye kanyagio, huikuza, kisha hupeleka mbele ile iliyokuzwa. Tuseme umekanyaga asilimia 20. Kifaa kinaiambia kompyuta kwamba umekanyaga 35. Ukifika 50, kompyuta inasikia 80. Ukifika 65, inasikia 100. Namba hizi nimezichagua kwa mfano, maana kila kifaa kina viwango vyake na mtumiaji huvibadilisha kwa kitufe, lakini umbo la mambo ni hilo. Sasa jiulize, kuanzia 65 hadi sakafuni kuna nini? Hakuna kitu. Theluthi nzima ya kanyagio imekuwa mbao tu chini ya kiatu. Nguvu yote ambayo wahandisi walikutandazia kwenye safari nzima ya mguu imesukumwa mwanzoni, na mwili wako unatafsiri hivyo kuwa gari limepata nguvu, kwa sababu umezoea kupima nguvu ya gari kwa kulinganisha umbali uliosukuma na jinsi ulivyorushwa nyuma kwenye kiti.

Kanyaga hadi sakafuni bila kifaa, halafu kanyaga hadi sakafuni ukiwa nacho. Kompyuta inasikia 100 mara zote mbili. Injini ni ileile, hewa ni ileile, na saa ya kupimia kutoka 0 hadi kilomita 100 kwa saa itakupa jibu lilelile, ukiacha ile tofauti ndogo iliyopo kati ya jaribio moja na jingine.

Upande wa hewa wenyewe una jambo la kuvutia, nalo linaeleza kwa nini kukuza volti hakusaidii sana hata katikati. Injini ya lita 1.5 ya mipigo minne huvuta hewa ya ujazo wake mara moja kila mizunguko miwili. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, inaweza kumeza hadi lita 75 za hewa kwa sekunde. Ikizunguka mara 1,500, haiwezi hata kufika lita 19. Mlango wa hewa umetengenezwa kutosha zile 75. Kwa hiyo unapoondoka kwenye makutano injini ikiwa chini, kisahani kikishafunguka sehemu tu ya njia injini imeshapata karibu hewa yote inayoweza kuivuta. Kukifungua zaidi ya hapo ni kumfungulia lango la uwanja mtu mmoja anayepita peke yake.

Kwa nini basi wahandisi hawakukupa kanyagio jepesi tangu mwanzo? Hapa watu hudhani ni ubahili, au njama ya kukulazimisha ununue gari la bei ya juu. Sababu ni nyingi na nyingine ni nzuri. Kati ya injini na matairi kuna nafasi ndogo ndogo: meno ya gia, maungio ya ekseli, raba zinazoibeba injini. Nguvu ikija kwa kishindo, nafasi hizo hujifunga kwa mpigo na gari hutikisika mbele na nyuma. Kompyuta huipunguza kasi nguvu inapoanza ili vitu hivyo vijibane taratibu kwanza, ndipo nguvu ipite. Pia injini ikifunguliwa hewa ghafla, uwiano wa hewa na petroli huyumba kwa muda mfupi na moshi huwa mchafu zaidi, na sheria za moshi ni kali. Ongeza barabara yenye utelezi, dereva mgeni, abiria aliyeshika kikombe. Kanyagio la kiwandani limetengenezwa kwa ajili ya watu hawa wote kwa pamoja, na ni kweli kwamba katika magari mengine wahandisi wamelizidisha ulaini hadi linakera. Sikulaumu kwa kuliona hivyo.

Wala gari lako la kebo halikuwa na ukweli mtupu. Kwenye baadhi ya throtoli za zamani, gurudumu lililoviringishwa kebo halikuwa duara kamili. Lilikatwa umbo ili mguu ukigusa kidogo kisahani kifunguke sana, gari lionekane lina pumzi. Ni ujanja uleule wa kifaa hiki, ulifanywa tu kwa chuma. Huenda sehemu ya kumbukumbu yako ya gari lililotii palepale imetoka hapo.

Mimi mwenyewe niliwahi kukifunga. Siku mbili za kwanza nilifurahi kweli. Siku ya tatu nikawa narudi nyuma kwenye mwinuko mfupi, mahali pembamba, nikagusa mafuta kama nilivyozoea kwa miaka, gari likaruka kuelekea ukutani kabla mguu haujarudi kwenye breki. Halikugonga. Nikashusha kiwango, kisha nikashusha tena, hadi nikafika mahali ambapo sikuona tofauti na kanyagio la kiwandani, nikakitoa. Sisemi kwamba kila mtu atafikia hapo. Wapo wanaokipenda miaka yote, hasa wenye magari ambayo kanyagio lake limelainishwa kupita kiasi na hayana kitufe cha mwendo wa spoti. Wengine hukitumia kinyume: hukiweka kwenye kiwango cha kulegeza kanyagio wanapopita njia mbovu ya mawe, ambako kila mrusho wa gari humtikisa dereva na mguu ukakanyaga bila kutaka. Matumizi hayo ya pili nayaheshimu kuliko yale ya kwanza.

Kuhusu kupunguza ulaji wa mafuta, kompyuta hupuliza petroli kwa kipimo cha hewa iliyoingia, na gari lenye uzito uleule likifikishwa kwenye mwendo uleule kwa namna ileile linahitaji nishati ileile. Kifaa hakibadilishi hata kimoja kati ya hivyo. Anayeona mafuta yamepungua ameweka kiwango cha kulegeza na mguu wake umekuwa mpole. Anayeona yameongezeka amenogewa na mruko wa gari.

Sasa fundi wako. Kitaua injini? Hapana. Kompyuta bado inalinda kila ilichokuwa inakilinda: kikomo cha mizunguko, joto, na sensa inayosikiliza kama petroli inalipuka vibaya ndani ya silinda. Kifaa hakiwezi kuomba kitu ambacho mguu wako usingeweza kukiomba. Raba za injini na gia zinaweza kuchoka mapema kama umegeuka dereva wa kuruka kila kwenye taa, lakini huo ni mguu wako, si kifaa.

Punje ya ukweli niliyoitaja ipo kwenye zile sensa. Kwenye kanyagio huwa kuna mbili, na kila moja hupeleka volti yake kwa kiwango tofauti. Katika mpangilio mmoja unaotumika sana, ya pili hutoa nusu ya ile ya kwanza. Kompyuta hulinganisha hizo mbili muda wote. Zikipishana na uwiano unaotarajiwa, inahesabu kwamba kuna kitu kimeharibika, inawasha taa ya injini, inarekodi namba ya kosa kama P2138, na kulikatia gari nguvu ili ufike nyumbani polepole badala ya kukimbizwa na gari lisilojua mguu wako uko wapi. Ni mlango wenye walinzi wawili wanaochungana. Unapochomeka kifaa katikati, walinzi wote wawili sasa wanapewa habari na mtu mmoja, tena mtu asiyetoka kwa watengenezaji wa gari. Kifaa kizuri hukuza volti zote mbili kwa uwiano sahihi na kikizimika huipitisha ishara ya kawaida. Kibovu, au plagi ambayo haikubofywa hadi ikalia, hukuacha katikati ya kulipita lori huku gari limekatwa nguvu. Hicho ndicho ningemwomba fundi wako akuogopeshe nacho.

Nirudi kwenye sentensi yako. Unasema kusita kulikuwapo tangu mwanzo, ila miezi hii kumezidi. Hayo ni mambo mawili tofauti. Kusita kwa tangu mwanzo ni tabia ya gari, imeandikwa kwenye kompyuta. Lakini maandishi ya kompyuta hayazidi yenyewe kadiri miezi inavyopita. Kilichozidi ni uchakavu au uchafu mahali fulani, na ukichomeka kifaa juu yake utakuwa umeongeza sauti ya redio ili usisikie injini inavyogonga. Gari litaonekana jepesi kwa muda, tatizo litaendelea kukua chini yake. Kwa hiyo usikinunue sasa. Tafuta kwanza kilichobadilika.

Majaribio manne unaweza kuyafanya mwenyewe, mahali pa wazi pasipo na magari. Kwanza, ondoka ukiwa umekanyaga kwa kina zaidi ya kawaida yako, bila kishindo. Kusita kukipungua sana, umeshapata bure kazi yote ya kifaa. Pili, kama gari lina kitufe cha spoti, kibonyeze urudie, kwa sababu sehemu kubwa ya kitufe hicho ni kubadilisha ramani ya kanyagio, yaani ule uhusiano wa mguu na nguvu, na wakati wa kubadili gia. Tatu, ukiwa kwenye mwendo, shusha gia mwenyewe kwa mkono kabla ya kukanyaga. Kusita kwa wakati wa kulipita lori kukitoweka, basi kulikuwa kwa giaboksi: inapaswa kuamua, kuiachia gia moja, kushika nyingine ya chini, na hayo yote huchukua muda. Nikiri hapa kwamba kifaa kinaweza kuliharakisha kidogo jambo hili, kwa sababu giaboksi nayo inasikia mguu wa uongo ulioenda chini zaidi na inashusha gia mapema. Lakini kushusha mwenyewe kabla ya kuanza kulipita lori kunafanya kazi hiyo vizuri zaidi, nawe unajua uko kwenye gia gani kabla hujatoka kwenye upande wako. Nne, kanyaga hadi sakafuni ukiwa tayari kwenye mwendo. Gari likichanganya vizuri baada ya kusita, injini ina nguvu zake. Likiwa dhaifu mpaka mwisho, tatizo haliko kwenye kanyagio hata kidogo.

Kabla ya yote hayo inama utazame kapeti la dereva. Kapeti nene lililosogea mbele huzuia kanyagio lisifike chini, na dereva hulalamika miezi kwamba gari limepoteza nguvu. Baya zaidi ni pale linapolinasa kanyagio likiwa chini. Magari ya Toyota yalipolalamikiwa nchini Marekani kwa kukimbia yenyewe, ripoti ya mamlaka ya usalama barabarani ya huko, NHTSA, iliyosaidiwa na wahandisi wa NASA na kutolewa Februari 2011, haikukuta kosa la elektroniki lililosababisha hayo. Makosa iliyoyataja yalikuwa ya kimakanika: makanyagio yanayonata na makapeti yanayoyanasa.

Kapeti likiwa salama, ningeanza na chujio la hewa, kisha throtoli yenyewe. Kwa miaka tisa masizi na mvuke wa oili huganda kwenye ukingo wa kisahani, na milimita za mwanzo za kufunguka, zile zile unazozihitaji pale kwenye makutano, hujaa ukoko. Husafishwa kwa dawa yake na kitambaa laini. Usikisukume kisahani kwa kidole, maana kinashikwa na gia ndogo za plastiki zinazoweza kuvunjika, na baada ya kusafisha magari mengi yanahitaji kufundishwa upya mahali pa kufungia kwa utaratibu wa mashine. Baada ya hapo ni sensa ya kupimia hewa inayoingia, plagi za kuwasha moto ndani ya silinda, msukumo wa pampu ya petroli, na oili ya giaboksi. Kama gari lina tabo, yaani feni inayoisukumia injini hewa, mpira wa hewa uliopasuka huongeza kusita, na mara nyingi utausikia ukipiga mluzi.

Ukipata skana, ile mashine ya kusoma kompyuta ya gari, soma namba ya kanyagio huku injini imezimwa lakini swichi imewashwa. Kanyaga polepole kutoka juu hadi chini. Usishtuke isipofika 100: katika magari mengi skana huonyesha volti ya sensa kama sehemu ya volti 5, kwa hiyo huishia chini ya hapo hata mguu ukiwa sakafuni. Unachotafuta ni namba inayopanda bila kuruka wala kurudi nyuma. Ikiruka mahali palepale kila mara, sensa ya kanyagio imelika.

Kuna hali ambazo hazisubiri majaribio. Taa ya injini ikiwaka, mizunguko ikipanda huku gari haliendi, gari likisita kisha likaruka lenyewe, au kanyagio likichelewa kurudi juu, mpelekee fundi mwenye mashine ya kupimia, na usilipite gari lolote hadi hapo. Kanyagio likikwama ukiwa barabarani, kanyaga breki kwa nguvu mara moja na ushikilie, weka gia huru, toka pembeni, ndipo uzime. Usiipige breki kidogo kidogo, kwa sababu throtoli ikiwa wazi akiba ya mvuto wa hewa inayolainisha breki huisha upesi.

Ukishamaliza hayo, gari likarudi lilivyokuwa siku uliyolinunua, na bado ulaini wake unakukera, basi ni pesa yako na mguu wako, sitakukataza. Chukua kilichotengenezwa kwa plagi ya gari lako hasa, kisichokata waya. Zima gari, toa ufunguo, subiri dakika kadhaa kompyuta ilale ndipo uchomoe sensa ya kanyagio. Bofya plagi hadi zilie, funga waya mbali kabisa na miguu, anza na kiwango cha chini, na mwambie kila anayeliendesha gari hilo kabla hajaliwasha. Kama bado lina dhamana, uliza kwa maandishi kwanza. Na siku ya kulipeleka kwa fundi kupimwa, kichomoe, kwa sababu skana yake itasoma kile kifaa kinachosema, si kile mguu unachofanya.

Fundi akishasafisha throtoli na kubadilisha chujio, rudia lile jaribio la kwanza na la tatu mahali palepale, kisha niandikie ulichokiona pamoja na namba za skana. Kama kusita kulikozidi bado kupo, tutaanzia kwenye giaboksi.